Tepu Iliyokatikia Ndani

Were alikuwa na mpaka Jumatatu asubuhi, la sivyo kazi ingeota mbawa. Tepu, kile kichuma kigumu cha kuchonga nyuzi za bolti, ilikuwa imemkatikia ndani ya injini ya mteja wa Spring Valley. Muigai, mwenye gereji, hakupiga kelele. Alisema tu, "Ikitoka, tuko pamoja. Ikikataa, usijisumbue kurudi." Na tepu haitoboleki kwa keekee, jamani! Ni kuila kwa cheche za umeme, punje kwa punje, hadi iachie.

Basi Jumapili akabeba kile kipande cha injini hadi kwake Jamhuri, akageuza jikoni kuwa karakana. Cheche hizo hurukia ndani ya kitu majimaji kisichopitisha umeme ovyo. Mafuta taa? Mkewe Nanjala akang'aka, "Baba Clifford, unataka kutuchoma?" Mafuta ya transfoma? Thubutu! Ukikutwa nayo utaeleza polisi ulipanda mlingoti gani. Wakaafikiana maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, chupa sita, ndizo zote zilizobaki pale Adams Arcade. Umeme nao, Were alitaka kuutoa ukutani moja kwa moja. Nanjala akamnyang'anya waya. Basi Were akaunga betri nne za gari.

Akakitumbukiza kipande cha injini katika beseni la maji hayo, na aliposhusha kijiti cha shaba chenye umeme, beseni likaanza: tsss, tsss, tsss! Cheche za buluu zikarukaruka chini ya maji. Nanjala akapiga kigelegele, Were akacheza kwa mabega. Ai, raha iliyoje!

Wakati huo mama yake Nanjala alikuwa amefika kutoka Bungoma. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hata mkono hawapeani. Kwa hivyo mama alikaa barazani, uso kwa geti, na neno lolote la mkwewe lilipitia kwa binti.

Maji yakapungua. Nanjala, kwa roho safi kabisa, akaongeza jagi zima la maji ya kunywa, ya kisima. "Si nimeyachemsha? Ni safi!"

Cheche zikazima. Puu! Safi ya tumbo si safi ya umeme. Chumvi ilikuwa bado imo humo, na umeme ukawa unajipitia bila kuruka. Were akashika kichwa. Tepu ilikuwa imeliwa nusu, na chupa nyingine hakuna. Alihisi machozi, na hakuona haya.

"Nanjala," sauti ikatoka barazani, "mwambie bwana yako maji ya kisima yanaacha ukoko kwa birika hata uchemshe mpaka kesho. Ya mvua hayaachi kitu. Na hapa chini ya mfereji wa paa kuna ndoo imejaa."

Were akamwaga yote, akasuuza beseni mara mbili, akajaza maji ya mvua. Tsss! Dhaifu kidogo, lakini tsss! Saa mbili baadaye tepu ikavunjika vipande vitatu, akavichomoa kwa koleo. Nyuzi za bolti zilikuwa nzima, hata mkwaruzo hakuna.

Kazi imepona! Were hakufikiri. Alitoka mbio, mikono inachuruzika, akamkumbatia mama mkwe, akamwinua, akamzungusha mara mbili akipiga mayowe.

Nanjala aliziba mdomo. Mama akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, macho kwa ukuta.

"Nanjala, mwambie bwana yako hii ni faini ya mbuzi. Tena dume. Na kabla ya huyo mbuzi, aniweke chini."