Wote Wamemkubalia

...na sasa wote, viti vimepangwa duara katika chumba hiki cha kliniki Mkolani, wanamtazama, kwa sababu Nesi Teodora ameuliza, Prudencia, wewe mwenyewe unataka nini, swali ambalo hakuna aliyemuuliza tangu alipotolewa bwenini akiwa hajalala kwa siku kadhaa, akiuhutubia ukuta, naye amejibu, nataka kurudi chuoni kesho, kisha akangoja wampinge, hoja ziko tayari mdomoni, lakini Mama akasema sawa mwanangu, na Mjomba Rwehumbiza, aliyetoka Muleba na kuvuka ziwa pale Kigongo asubuhi kwa ajili ya kikao hiki, akasema sawa binti, sawa, ile sawa anayopewa mtoto anayelilia wembe, na wembe wenyewe hapewi... maana anawajua, wakitoka hapa watamfungashia nguo aende kwa bibi, migombani, akapumzike, apumzike mpaka lini, vidonge vinafanya kazi yake, hilo hakatai, usingizi umerudi, lakini kidonge hakijibizani na mtu, na tangu augue hajabishiwa hata na jirani, hata akisema mvua inanyesha jua likiwaka wanaitikia ndiyo, yeye aliyekuwa akiwapeleka puta wapinzani mdahaloni ukumbi mzima ukasimama... kijikapu cha kahawa ya kutafuna kinazunguka, akamwani, kwao kikao hakiendi bila hiyo, Mama kampa Mjomba, Mjomba kampa Nesi, kikafika kwake, mkono wa Mama ukakipitisha juu ya mapaja yake, huyu asipewe, itamfukuzia usingizi, huyu, kama vile huyu hana jina, kikatua kwa Shigela, mwenzake wa mdahalo, aliyealikwa na Nesi, na Shigela hatafuni, anasema, mimi sikubaliani.

Hukubaliani na nini, anauliza Nesi. Na kesho. Pru, kesho ni upuuzi. We kijana, Mama anang'aka, mgonjwa habishiwi! Samahani mama, kwangu huyu si mgonjwa, ni mbishi tu, nimemzoea, alipokuwa halali mimi nilicheka, nilidhani anajiandaa na mdahalo, akirudi kesho nitacheka tena, nifundishwe kwanza dalili zake, halafu ndiyo arudi... na hasira inampanda Prudencia, upuuzi, anamwita nani mpuuzi, hasira safi, ya zamani, inamkaa mwilini kama nguo yake mwenyewe baada ya miezi ya kuvaa za kuazima, na chini ya hasira hiyo kitu kinacheka, kwa sababu hoja ya Shigela ina tundu, akufundishe nani, Nesi anaijua dawa, Mama anajua jinsi alivyokuwa akilala utotoni, lakini ule usiku wa kwanza, akili ilipoanza kukimbia tamu kama gari lisilo na breki, anaujua yeye peke yake, kwa hiyo mwalimu ni yeye, na mwalimu hawezi kupelekwa migombani, wala hawezi kurudi kesho kabla hajafundisha, ah, kumbe amejipinga mwenyewe... Shigela, kwa ukaidi, anamsogezea kijikapu, Mama anashusha pumzi, Prudencia anakipokea, kahawa inanukia nyumbani kabisa, anakipitisha kwa Mama bila kuchukua hata punje, mimi hapana, usiku nataka kulala, na Mama anakishika kwa mikono miwili, hasemi sawa, na Nesi Teodora anauliza tena, Prudencia, wewe mwenyewe unataka nini, na wote wanamtazama.