Mguu wa Kiwanda

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mguu ulikuwa juu ya kaunta ya stoo, umefungwa kwa karatasi ya kaki. Fundi wa mashine ya kukata mabati aliegemeza magongo yake, akafungua kamba, akauweka sakafuni mahali pake. Kidole gumba kilikaa upande wa nje.

"Shemeji," alisema kaka wa mkewe, aliyemsindikiza, "huu si wa kushoto? Wewe umekatwa wa kulia."

"Mimi napokea kwa idadi," alisema mtunza stoo. "Imeandikwa mguu mmoja, umekuja mmoja. Nilishatia saini jana."

"Bila kuujaribu?" aliuliza shemeji.

"Ningeujaribia wapi, ndugu yangu? Mimi yangu yote ninayo." Alicheka peke yake.

Afisa utumishi aliitwa. Alikuja na faili, akalisoma hapo hapo, wima. Kiwanda kilikuwa kimeingia mkataba na karakana ya viungo bandia. Karakana ilimpima fundi mguu uliobaki ili kupata urefu, ikaandika "kushoto", kisha ikamkabidhi kazi yenyewe mtengenezaji mwingine ambaye hakuwahi kumwona mgonjwa. Huyo alitengeneza kilichoandikwa.

"Basi warudishiwe," alisema fundi.

"Karakana wanasema tumuulize mtengenezaji. Mtengenezaji anasema yeye hana mkataba na sisi, anaijua karakana tu."

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa, mama?"

"Yupo. Karakana haikwepi kwa kumpa mwingine kazi. Lakini wa kuibana ni kiwanda, na kiwanda kimepokea. Hakina lalamiko."

"Mimi ninalo."

"Wewe, baba, jina lako halimo kwenye mkataba. Waliotia saini ni kiwanda na karakana."

"Mguu si wangu?"

"Wako ni ule uliokatika. Huu ni wa kiwanda." Alifunua ukurasa. "Jumatatu mashine inataka mtu wa kuisimamia. Usiposimama nao leo, naandika umekataa kifaa. Anayekataa kifaa anaachishwa."

"Usikubali," alisema shemeji.

"Una kazi ya kunipa?"

Shemeji alimsogezea kreti.

Fundi alikaa juu ya kreti, akakunja suruali, akaingiza kigutu, akakaza mikanda. Mara mbili alijaribu kuinuka, akarudi chini. Mara ya tatu shemeji alimshika kwapani.

"Mwachie," alisema afisa.

Shemeji alimwachia. Fundi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Saa tatu na dakika arobaini, afisa aliandika kwenye fomu: "Amesimama."