Ngozi ya Kicheche

Diamante alikataa katakata kuishika ngozi ile. Ilikuwa imelala mezani: manyoya ya kahawia, kichwa cha dhahabu, macho mawili ya mawe mekundu, na mnyororo wa kuifungia kiunoni. Mji mzima wa Bologna ulijua maana yake. Mwanamke anayechorwa akiwa na kicheche ana mimba, au anaiomba, na kicheche humlinda mpaka ajifungue.

Diamante alikuwa na mimba ya nne. Zile tatu ziliharibika.

"Fundi, nichoree mbwa," alisema.

Orsina, mchoraji, alikuwa amekwisha maliza uso na lulu za shingoni. Ulibaki mkono wa kulia tu.

"Mbwa sawa, bibie. Ila huyo wenu hatulii. Jana kalamba rangi yangu ya kijani, ile yenye sumu, nikadhani leo nachora maiti."

"Mbwa!" Mama mkwe, Bi Pantasilea, aliacha kumenya lozi pale dirishani. "Mbwa ni uaminifu tu. Hata mjane huchorwa akiwa na mbwa. Mkaza mwana wangu unaogopa mnyama aliyekwisha kufa?"

"Simwogopi, mama. Picha itatundikwa ukumbini. Na mimba hii nayo ikiharibika? Kila mgeni atasimama pale aulize, haya, mtoto yuko wapi? Nitamjibu nini?"

"Mbona mimi ninayo kwenye yangu?"

"Wewe ulimpata mume wangu, Ercole."

Bi Pantasilea aliitazama lozi mkononi mwake, asiile.

"Ercole alikuja baadaye sana, mwanangu. Niliyekuwa naye tumboni nilipochorwa alizaliwa Ijumaa. Jumapili tukamzika."

Orsina alifuta brashi ambayo ilikuwa safi tayari.

"Sikujua, mama."

"Nani angekwambia? Baba yake hakumtaja tena, padri hakumtaja. Ila mimi nikipita ukumbini namwona. Siku ile tulikuwa wawili, na fundi alituchora wawili. Hana picha nyingine. Wanaotaka kuuliza, na waulize."

Diamante aliwafikiria watoto wake watatu. Hakuna ukuta uliokuwa na habari zao. Hata nguo alizowashonea, binamu yake wa Modena alizichukua kwa ajili ya mwanawe, akashukuru, akaondoka.

Akanyoosha mkono. Ngozi ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na dhahabu ilikuwa baridi.

"Kichwa kielekee wapi?"

"Nje, kwa kawaida," alisema Orsina. "Watu wayaone mawe."

Diamante alikigeuza ndani, kikamlalia tumboni, akakifunika kwa kiganja.

"Mawe yenyewe ndiyo ya bei," alinung'unika Bi Pantasilea. Kisha akasogeza kiti, asiukinge mwanga. "Haya, fundi, chora. Mtoto wa watu atachoka kusimama."

Orsina akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia.