Miezi Mitupu ya Micheweni

Ripoti ilikuwa kurasa nne, na jibu lake lilikuwa hapana. Zulekha aliikunja, akaitia mkobani, akaenda nayo Micheweni kuwasomea wenyewe.

Miaka sita alikuwa mhasibu katika duka la jumla la Mzee Vallabhdas, Chake Chake. Sasa aliomba kazi katika benki moja ya uwekezaji ya Dar es Salaam, inayozitafutia biashara watu wa kutia mitaji. Kwa usaili alitakiwa achague biashara ya kwao, aseme kama inafaa kutiwa mtaji. Alichagua kikundi cha wanawake wakulima wa mwani. Usaili ulikuwa kesho yake, kwa simu ya video. Hakuna aliyemtuma kwenda kwao, ila aliona vibaya kuwasema watu kwa wageni kabla hajawaambia wao.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea hivyo? Umeachwa?"

"Hata kuolewa bado, bibi."

"Basi afadhali."

Wanawake waliokuwa wakianika mwani walicheka. Zulekha akafungua karatasi zake, akaanza kusoma kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, hapa hapana mgonjwa," alisema Bi Moza, kiongozi wa kikundi.

"Mapato ya kikundi hayatabiriki. Machi hakuna kitu. Julai hakuna kitu. Oktoba hakuna kitu. Mwenye mtaji ataogopa."

Kicheko kilikatika.

"Kumbe sie wavivu," alisema mmoja, akainama tena juu ya mwani wake.

Bi Moza alijifuta mikono kwenye kanga. "We Zulekha, shambani kwetu tunaingia lini?"

"Mwani ukikomaa."

"Na maji yakiwa yamejaa, tupige mbizi? Tunaingia wakati wa bamvu, maji yanapotoka mpaka kule mbali. Yakiwa maji mafu, yasiyotoka mbali, hata vijiti vya kufungia mwani huvioni. Tukipanda bamvu hili, tunahesabu matatu, tunavuna. Bamvu halijui Machi wala Julai. Huo mwezi wenu wa ofisini ndio wenye matundu."

Zulekha alihisi uso unamuwaka. Mtoto wa Pemba, na bahari yote aliyoijua ilikuwa ya sokoni! Akakaa juu ya gunia, akaomba daftari la mavuno, akahesabu siku kutoka mavuno hadi mavuno. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Miaka miwili mizima hawakuruka hata mara moja, na kilo zilikaribiana.

Kesho yake Mzee Vallabhdas alimwachia ofisi yake. "Ukishindwa, kiti chako kipo," alisema akifunga mlango. "Lakini usishindwe makusudi kwa ajili yangu."

Kwenye skrini alikuwa Bi Nishat, mkuu wa idara, mwenye miwani na maneno machache.

"Ripoti yangu ya kwanza ilisema hapana," Zulekha alianza. "Nilikosea." Akaeleza yote.

"Kwa nini umetuambia? Tusingejua."

"Kwa sababu mhasibu yeyote atakosea kama mimi. Na watu watakimbia biashara ambayo haina kosa."

"Na hatari je? Usinipambie."

"Ipo. Wenyewe wameniambia: maji ya pwani yanazidi kupata joto, na joto likizidi mwani hufa. Wameanza kujaribu kupanda kwenye kina kirefu zaidi, lakini hawana vyombo vya kuwafikisha. Mtaji ni wa hivyo." Alitambua kwamba hakuwa akisoma popote.

Bi Nishat alivua miwani. "Miezi sita ya majaribio. Mshahara wa mwanzo hauzidi huo unaoupata sasa. Utakuja?"

"Nitakuja," alijibu, kabla haya hazijamshika.

"Vizuri. Kuna mteja nataka awaone hao kina mama. Nimlete lini?"

Zulekha alihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka bamvu lijalo. "Jumanne ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Na avae viatu vya kulowa."