Udongo wa Kitaluni

Mjukuu alikuwa anahesabu mafungu ya mchicha, na kwa mara ya tatu asubuhi ile aliishia saba. Bibi yake alingoja nane. Haikuja. Msichana wa miaka sita, aliyekuwa anafika hamsini bila hata kumeza mate, sasa alikuwa amejikunja kushika tumbo, na ufizi wake una mstari wa bluu.

Nesi alishasema: madini ya risasi, yale ya kwenye betri. Yanatoka kiwandani nyuma ya ukuta, wanakoyeyusha betri za magari. Yanashuka udongoni, yanaingia kisimani, yanapanda kwenye majani. Dawa ni kazi bure mtoto akiendelea kunywa maji yaleyale. Bibi aende kwa Bwana Afya, naye Bwana Afya aandike barua kisima kifungwe na kiwanda kilete maji safi.

Akaenda. Bwana Afya alimkaribisha vizuri mno, na hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi. Akafungua faili.

"Mama, shamba lako lilishapimwa. Lilitoka safi kabisa."

Alikumbuka. Walikuja watatu, Bwana Afya mmojawapo, kwa gari la kiwanda, na vifuko vyao vya plastiki na chupa, wakaomba udongo na maji. Naye, masikini ya Mungu, akadhani ni yale mashindano ya wakulima yaliyowahi kumpa jembe jipya. Nani anaonyesha wageni kona mbovu? Aliwapitisha haraka kwenye matuta ya ukutani, ambako mchicha ulikuwa unaingia unjano, akawapeleka kitaluni, penye udongo mweusi aliobeba kichwani kutoka msituni. Akawachotea mwenyewe. Hata maji aliwapa ya mvua, ya mtungini, maana ya kisima yalikuwa na ladha ya msumari. Bwana Afya aliyaona yote, akasema tu kwamba mama ana mkono mzuri.

"Ule ulikuwa udongo wa msituni," alisema bibi. "Na wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Wewe ndiye uliyechagua pa kuchimba." Akamgeuzia karatasi ya majibu. "Na dole gumba hili ni la nani?"

Lilikuwa lake, alilotia siku ile akidhani anajiandikisha kwenye mashindano. Aliomba wapime upya. Akaambiwa kupima upya ni kusema ofisi ilikosea, na watoto wanaumwa tumbo kila mahali.

Alipita getini pa kiwanda akaiona nakala ya karatasi ile, imewekwa nyuma ya kioo, dole lake limekuzwa. Nyumbani alimkuta mpishi wa shule ya bweni na gari lake. Naye alikuwa na nakala. Zamani alichukua mafungu arobaini. Sasa, kwa kuwa mchicha umethibitishwa, anataka mia mbili kila wiki.

Bibi alimwambia asichukue, una sumu.

Mpishi akacheka. "Mbona wenyewe mnakula?"

Na kweli walikuwa wanakula. Mvua zilishakatika, mtungi ulikuwa mkavu, na kisima kilikuwa kimoja. Mpishi akaanza kupakia.

Mjukuu alisogea amsaidie kuhesabu, kikombe cha maji ya kisima mkononi. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba alinyamaza, akanywa mpaka kikombe kikaisha, akamtazama bibi yake, kisha akaanza tena moja.