Ushahidi wa Mke Mwenza

Wanawake waliokuja matangani walinipa pole mbili mbili: pole ya mume, na pole ya kukosa mtoto. "Maskini Balqis, hata cha kumkumbukia hakumwachia!" Wanayasema hayo mbele yangu, vikombe vya kahawa mkononi, kisha wanageuka kumbusu Yazan mapajani mwa mke mwenzangu Bakhita. Nnakwambia, kama si kumheshimu maiti, ningeinuka nikapiga ukelele nyumba nzima isikie. Huyo mnayembusu ni mwanangu mimi!

Na ni mwanangu. Yai langu, mbegu ya Thabit mume wangu, tumbo la Bakhita. Watu watatu ndio tuliojua, na mmoja tulikuwa tumeshamzika.

Mimi kizazi nilitolewa zamani, mimba ya nne ilipoharibika na damu ikakataa kusimama. Madaktari wakasema mayai yangu mazima, pahala pa kuyaweka ndipo hapana. Kuna wanaokwenda nchi za watu wakabebewa mimba na mwanamke wasiyemjua. Thabit alikataa katakata. "Mbegu yangu kwa mwanamke asiye mke wangu? Haramu, Balqis." Nikamwambia basi muoe. Akacheka. Nikamwambia mimi sitanii. Mashekhe tuliowauliza wengi walisema hata hivyo haifai. Mmoja alinyamaza, na sisi, kwa uroho wa mtoto, tukauchukua unyamavu wake kuwa ruhusa.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kijiji cha Qantab kumposea. Bakhita ni jamaa wa mbali wa mama yangu, kaachwa na mumewe, hana mtoto, anashona nguo nyumbani kwa kakake. Watu walinicheka mpaka wakachoka. "Balqis kaingiwa na nini? Kaenda kujitafutia uke wenza kwa miguu yake!" Wacha wacheke, nilijisemea. Sisi watatu tulikwishaagana. Wataoana kwa ndoa ya haki, tutasafiri kwa daktari, yai langu litiwe kwake. Akishazaa na arubaini ikitoka, Thabit atamwacha kwa wema, na mtoto atabaki kwetu. Kwenye cheti mama ni yule aliyezaa, hilo nililijua. Lakini baba ni Thabit, na Thabit ni wangu. Ningeogopa nini?

Nilikuwamo chumbani siku ya kuzaliwa. Nilimshika Bakhita mkono, nikamwona mtoto akitoka, kichwa, bega, halafu mzima mzima, akalia. Mama mkwe wangu, Bi Sayyida, alimtazama akasema, "Mashaallah, kashabihi mamake!" Akamgeukia Bakhita kumpa mkono wa hongera. Yazan ana kidole kidogo cha kushoto kilichopinda, kama changu mimi, kama cha marehemu baba yangu. Nikakiingiza changu ndani ya mkono wa buibui.

Yazan hajatimiza wiki mbili, Thabit akaanguka kwenye ngazi za ofisini kwake. Moyo. Talaka hakuitoa, arubaini haijatoka, na wake zake wote wawili tukaingia eda katika nyumba moja, hapa hapa Bustan.

Mpaka siku ile Yazan alikuwa mtoto wa chupa, na chupa niliishika mimi. Tuliagana Bakhita asimnyonyeshe, moyo usije ukanasa. Siku ya mazishi akaikataa. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi sijui nimlilie yupi. Nikamwambia Bakhita, "Mpe ziwa."

Akanikodolea macho. "Kweli, dada?"

"Mpe, bwana! Unataka afe?"

Maziwa yalikuwa bado hayajamkauka. Akampa, nikasikia mtoto anavyomeza. Hakuniibia mtu, mimi ndiye niliyesema.

Eda ilipofika katikati nilimfuata jikoni. "Bakhita, ahadi yetu ipo?"

Aliuweka mwiko chini. "Dada Balqis, niliahidi kabla sijamwona."

"Huyo si damu yako!"

"Najua. Kila siku najiambia si wangu. Halafu akilia, kifua kinanilowa kabla sijafika mlangoni." Machozi yakamtoka. "Usinichukie."

Nilitaka kumzaba kibao. Wallahi nilitaka. Nikachukua sufuria iliyokuwa safi nikaiosha tena.

Ndipo akaja Talal, shemegi yangu, mdogo wake Thabit. Kwa kuwa tuko edani alikaa ukumbini, na mimi nikakaa nyuma ya mlango uliorudishwa.

"Shemegi, mimi si mtoto mdogo," alisema. "Thabit kaoa, mara mmesafiri watatu kwenda kwa daktari wa uzazi. Na mwenyewe aliponyokwa na ulimi, akanambia Bakhita hakumgusa hata siku moja. Mtoto yule si wa Bakhita. Ni wa kupandikizwa."

Nikaushika mlango usifunguke.

"Nimeshakwenda kwa kadhi. Nnataka apimwe yeye na huyo mamake. Damu zisipoonana, ndoa ile haimfuniki. Atakuwa mtoto asiyejulikana wazazi, na jina la Thabit litamtoka."

"Na nyumba irudi kwenu nyinyi ndugu."

Hakuona hata haya. "Irudi kwenye haki. Lakini nisikilize, shemegi. Mtoto wa namna hiyo hupewa mtu akamlea. Nitasimama mimi mwenyewe apewe wewe. Bakhita hatokuwa na la kusema, kwani si wake. Utakaa naye maisha yako yote. Wewe sema kweli tu."

Kweli tu! Shetani akitaka kukumaliza hakwambii useme uwongo, hukuomba kweli.

Basi nilimbeba Yazan mchana kutwa, Bakhita akimchukua kumnyonyesha tu na kunirudishia. Nilimnusa shingo. Nikawaza, atalala kwangu, ataota meno kwangu, ataniita mama. Lo, utamu wake! Halafu nikawaza siku ya kwenda skuli, wataandika nini penye jina la baba? Hata nikisema yai ni langu na mbegu ya Thabit, njia ile mashekhe walishasema haifai, na kadhi hatampa jina kwayo. Hapa kwetu watu hukuuliza baba na babu na kabila kabla hawajakuuliza hali. Akija kutaka kuoa, nani atampa binti yake? Watamwita mwanaharamu. Na aliyempa jina hilo atakuwa mamake mzazi, kwa sababu alitaka kuitwa mama.

Mahakamani Talal alisema yake yote, kwa adabu, kama mtu anayemwonea uchungu ndugu yake. Bakhita alikaa pembeni na mtoto kifuani. Alikuwa hajui nitasema nini. Hakuniomba kitu, na hilo namshukuru.

Kadhi akanigeukia. "Wewe ndiye mke mkubwa?"

"Ndiyo."

"Sema unalolijua, na umche Mungu."

"Nilikuwapo siku aliyozaliwa," nikasema. "Naapa kwa Mwenyezi Mungu, nilimwona kwa macho yangu haya akitoka tumboni mwa Bakhita. Na mume wetu alimuoa mbele ya mashahidi, mimba haijaingia. Kitanda hakizai haramu."

Hapana hata neno moja la uwongo. Roho ilikuwa inanitoka, lakini ulimi haukutetereka.

Kadhi alimtazama Talal. "Mke mwenza anamtetea mwenzake, na yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Ushahidi gani mwengine unautaka? Angejua kasoro ya kuifichua, si angeifichua leo? Hapana haja ya kumpima mtu." Akanirudia mimi, kwa upole. "Na wewe, mama, una dai lolote juu ya mtoto huyu?"

"Sina."

"Ni nani yako?"

"Mimi ni mke wa babake."

Karani akaandika.

Eda ilipotoka, kaka yake Bakhita alikuja na gari kumchukua. Qantab si mbali na Bustan, ni kuuzunguka mlima tu. Bakhita alinikumbatia, akanibusu mkono, akaapa atamleta kila Ijumaa. "Muage mama mkubwa," alimwambia Yazan. Yazan akanyoosha mkono akakikamata kidole changu kilichopinda, akaking'ang'ania. Nami nikasahau watu, nikamvuta kwangu na kanga yake na kila kitu, na kilio kikanitoka ambacho kwa Thabit sikukilia.

Bi Sayyida alinishika mabega kwa nyuma. Maskini ya Mungu, alikuwa ananionea huruma ya kweli. "Mwachie mamake, mwanangu," aliniambia sikioni. "Hayo wewe hukuyapitia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Kweli, mama," nikasema. Nikavifungua vidole vya Yazan, kimoja kimoja, nikamwachia.