Kaburi la Sharifu wa Maweni

Mhandisi Yusra alipofika kigingi cha arubaini na tatu, alimkuta shemegi yangu Makungu keshakaa hapohapo. Kakunja msuli wake vizuri, katoa tasbihi, katulia juu ya mawe kama mtu aliyelipia chumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa hamjengi."

Nilikuwa nyuma yao na mwavuli wangu, miguu ishanikataa tangu asubuhi. Kampuni ya umeme wa jua ndiyo iliyonitoa Mkunazini, nilikokuwa nikikaa kwa mwanangu tangu nistaafu udereva wa serikali, nije kijijini kwetu, nyuma ya Mangapwani, kuwalainisha jamaa zangu. Walisikia nina maneno. Ni kweli ninayo. Nimewahi kuwaaminisha watalii wa Kendwa kwamba pweza wa huku hupiga hodi kabla ya kuingia hotelini. Lakini siku ile maneno yaliniishia.

Maana pale alipokaa Makungu pana kaburi la Sharifu wa Maweni, limepakwa chokaa, limeezekewa kibanda cha makuti. Kila Alkhamisi watu huenda kufukiza ubani na kusoma Yasini. Mlinzi wake ni Makungu, mwaka wa thelathini na tano sasa. Na aliyelijenga ni mimi. Ndani hamna mtu.

Yusra alinivuta pembeni. "Babu Usi, uzio ukishafungwa haingii mtu wa ubani wala wa Yasini. Tukilikwepa kaburi, paneli zitapungua, na kitakachokatwa ni pampu ya kijiji. Wakubwa wanataka jibu Jumatano. Wakikosa, mradi unahamia kwengine."

Pampu ile ndiyo iliyonileta, si posho. Dada yangu Bi Bashira, mke wa Makungu, ana miaka sabini na moja na bado anateremka pangoni kuteka maji, ndoo kichwani. Ramadhani iliyopita aliteleza kwenye mawe. Mkono wake wa kushoto haujanyooka mpaka leo.

Mchana nikala kwao mihogo ya nazi. Nikajikaza.

"Makungu, lile kaburi halina mtu."

"Hewala."

"Wallahi nnakwambia. Nilizika redio yako."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Bashira, msikie ndugu yako! Si ndiye huyu aliyelala siku tatu tumboni mwa papa?"

"Siku mbili," nikasema.

"Usi, mwache mwenzio ale," dada akanikemea.

Nilisema kweli mara moja katika umri wangu, nikaonekana ndiyo siku niliyopitiliza.

Na kweli yenyewe haina hata utamu. Makungu alirudi na redio kutoka Mombasa, ya mbao, betri nane. Alipokwenda Pemba kuchuma karafuu akaniachia. Mimi nilijifunza ufundi mwenyewe, kwa kufungua vitu vya watu. Kufungua nilijua. Ile redio ilinishinda kufunga. Nikaitia kwenye gunia, nikaifukia maweni, na aliporudi nikamwambia wezi wameniingilia. Akaanza kusaka kila penye udongo mpya, akidhani wezi wameifukia. Basi nikapanga mawe juu, nikatangaza nimeoteshwa: hapa kalala sharifu, kavuka bahari kutoka Hadhramauti amekaa juu ya msala wa kuswalia, hakurowa hata ukosi wa kanzu. Nilidhani litadumu mwezi.

Jumanne nikachukua mtarimbo. Vibarua wa mradi walirudi nyuma hatua kumi, hakuna aliyetaka kunisaidia. Makungu alikuja na bakora, nikajua leo nnakula. Hakupiga.

"Chimba," akasema. "Ukipooza mimi simo."

Nikachimba. Jiwe moja, nakaa. Jiwe jengine, nakaa. Mgongo ulikuwa ukilia kama mlango wa zamani. Bi Bashira akaja kunisimamishia mwavuli kwa ule mkono wake mmoja mzima. Adhuhuri ikakaribia, mtarimbo ukagonga mbao.

Gunia lilikuwa limeoza. Redio ililiwa na mchwa upande mmoja, lakini upande wa nyuma jina lilisomeka, MAKUNGU, alilichonga mwenyewe kwa msumari. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa shuka ya begani.

"Wanu nilimuomba hapa," akasema. Wanu ni mtoto wao wa pekee, walimpata baada ya miaka kumi na moja ya ndoa.

"Ulimuomba nani?" Bi Bashira akauliza.

"Mungu."

"Basi. Hukuomba redio."

Makungu akatikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Usi, uliniambia wezi."

"Nilikwambia."

"Mimi nikasema ni Masoud jirani yako, kwa kuwa nyumba zenu zilikuwa ukuta mmoja. Nikamnunia. Nimemnunia mpaka siku tulipomzika, Usi. Na wewe ulikuwa umeshika jeneza mbele yangu."

Niliketi juu ya udongo niliochimbua, nimechoka uchovu ambao haukuwa wa mtarimbo.

Akamgeukia Yusra. "Pigilia kigingi chako, mwanangu."

Paneli sasa zimefika mpaka kule kwenye minazi ya watu, na bomba liko nyuma ya nyumba ya dada. Pangoni hateremki tena. Mimi Mkunazini sikurudi, nimebaki kwao. Makungu kwa mwezi mzima hakunijibu salamu ila kwa kidevu. Kisha Alkhamisi moja akasimama mlangoni mwa chumba changu, ndoo tupu mkononi.

"Ijaze."

Nikaijaza. Tukatoka, yeye mbele na jembe dogo, mimi nyuma na maji, mpaka makaburini. Aling'oa magugu juu ya Masoud, mimi nikamwagia maji.

Ndiyo kazi yetu ya kila Alkhamisi. Kutoka bombani ni mwendo wa nusu saa, na ndoo hataki kunipokea hata hatua moja. Mara nyingine naitua chini njiani, najaribu kumchekesha.

"Chukua ndoo, Usi," hunambia.

Nachukua.